SOMO: Panga swichi yako kabla hujachomeka kebo ya pili

Wakuu, swichi nyingi za mtandao (visanduku vinavyounganisha vifaa kwa kebo) zenye menyu ya kusetiwa zinaishia kutumika kama zile za kuchomeka tu. Leo tuziamshe, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: STP, utaratibu wa swichi kuzuia data isizunguke bila mwisho. Kebo ya akiba kati ya swichi mbili ni kinga nzuri, ila bila STP ni kitanzi. Fremu ya Etherneti, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo, haina kihesabu cha kuiua kama ilivyo pakiti ya IP, hivyo tangazo moja (fremu inayotumwa kwa vifaa vyote) likinasa humo huzunguka na kuzaliana hadi taa za poti zote zimemeteke kwa pamoja bila kupumzika na mtandao ugande. STP hufunga njia moja, kisha huifungua nyingine ikikatika. Chagua RSTP, toleo lake la haraka; STP ya zamani huchukua sekunde 30 hadi 50 kuhamia njia ya akiba.

Sasa, usiziachie swichi zijichagulie kiongozi, yaani ile ambayo STP hupanga njia zote kuielekea. Zote hutoka kiwandani na kipaumbele 32768. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kifaa ya kiwandani), na hiyo inaweza kuwa ile kongwe uliyoisahau kwenye kona. Data nyingi zitapitia huko! Swichi ya katikati ipe 4096, msaidizi wake 8192. Hapa namba ndogo ndiyo yenye nguvu.

Hatua ya 2: VLAN, mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zilezile. Tenganisha simu, kamera na wageni. Kebo inayobeba VLAN kadhaa lazima isetiwe sawasawa pande zote mbili.

Hatua ya 3: LACP. Huunganisha kebo kadhaa ziwe njia moja. Moja ikikatika, zilizobaki zinaendelea. Seti pande zote kwanza, ndipo uchomeke. Ule muungano wa kulazimisha, usio na mazungumzo kati ya swichi, mimi siupendi: upande mmoja ukikosewa, umejitengenezea kitanzi.

Hatua ya 4: QoS, kupanga kipaumbele cha data. Madaraja ni 0 hadi 7, na sauti kwa kawaida hupewa 5. QoS haiongezi kasi. Inaamua nani atangulie poti ikijaa.

Mwisho hifadhi mipangilio. Swichi nyingi umeme ukikatika husahau ambacho hakikuhifadhiwa.

MASWALI

*Mkuu, nimeunga kebo mbili za Gbps 1 kwa LACP, mbona nikinakili faili moja kwenda seva haivuki Gbps 1?*

Ndivyo ilivyo. Swichi hutazama anwani za mtumaji na mpokeaji, kisha mazungumzo yale yote huyapitisha kebo moja ili fremu zisifike shaghalabaghala. Faida utaiona watu wengi wakivuta kwa pamoja.

*Kompyuta ikiwashwa inakaa karibu nusu dakika bila IP.*

Ni STP: inasikiliza sekunde 15, inajifunza 15 nyingine. Poti hiyo iseti kuwa ya ukingoni (ya kifaa cha mwisho, isiyosubiri), na uwashe BPDU guard, mlinzi anayeshtukia ujumbe wa STP, ili mtu akichomeka swichi pale, poti ijifunge.

*Nimeseti, imekubali. Na poti ya kwenda swichi nyingine niiweke hivyo hivyo?*

Usithubutu, mkuu.

*Kuna swichi ndogo isiyo na menyu chini ya meza. Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo moja humo humo?*

Baadhi hupitisha ujumbe wa STP, basi swichi yako itausikia ukirudi na kufunga poti. Nyingine huumeza. Kwa hizo, weka kikomo cha matangazo kwenye poti inayoilisha.