Mbwa mwoga wa mtaani: mrushie chakula nyuma yake

Siku nne nzima nilimsogezea bakuli mbwa aliyejificha chini ya gari bovu, naye akawa anarudi nyuma tu. Nilipobadili kitu kimoja, jioni ya pili alikaa hatua mbili kutoka kwangu. Kitu chenyewe: usimvute kwako kwa chakula. Chuchumaa, mpe ubavu, usimkodolee macho, halafu rusha kipande cha mapupu yaliyochemshwa, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kiangukie nyuma yake. Akishakila atageuka mwenyewe kutafuta kingine. Rusha tena kulekule nyuma. Ukiweka chakula miguuni pako, njaa inamvuta huku woga unamsukuma, na akishameza anajikuta karibu na mtu, anakurupuka, pengine anang'ata. Kikiwa nyuma, anapata mlo na nafasi ya kupumua kwa pamoja. Kumshika ni siku nyingine, si leo (najua mkono unawasha).

Mbinu hii haifui dafu kwa mbwa aliyekwisha shiba jalalani. Akiogopa hadi hagusi chakula, uko karibu mno; rudi nyuma au mwachie uondoke. Na ukimwona anatokwa udenda, anayumba au anashambulia hovyo, achana naye, mwite afisa mifugo: huenda ni kichaa cha mbwa. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama ni mchubuko tu.