Kuziba tundu la njia za faili kwenye seva ndogo ya dukani

Steshenari ninayoihudumia iko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Ina kompyuta nne na seva moja ya Ubuntu inayowapa wateja faili zao kupitia Wi-Fi ya dukani. Programu ya seva niliiandika mwenyewe kwa Python. Faili za wateja zinakaa /srv/wateja. Pembeni yake kuna /srv/wateja-mitihani, ambamo walimu huacha mitihani ya majaribio ikisubiri kudurufiwa. Folda hiyo ya pili haikutakiwa kufikiwa na mtu yeyote kwa mtandao.

Kijana anayejifunza kazi pale dukani akaniita jioni moja: "Kaka, hebu njoo uone." Kwenye laptopu yake ulikuwa umefunguka mtihani wa hisabati wa kidato cha nne, kurasa zote. Hakuwa na nenosiri lolote. Alikuwa na mstari mmoja tu wa amri.

Kama umeandika seva ya faili, au umerithi ya mtu, fuata hatua hizi leo.

1. Lizalishe kosa kwanza, na usitumie kivinjari

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Ukiandika ../ (maana yake "rudi folda moja juu") kwenye kivinjari, chenyewe huisafisha anwani kabla ya kuituma, kwa hiyo seva hailioni ombi lenye hila na wewe unaamini uko salama. Hata curl, programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa mstari wa amri, hufanya hivyo usipoikataza. Ikataze hivi:

```
curl --path-as-is http://192.168.1.10:8000/../wateja-mitihani/hisabati.pdf -o jaribio.pdf
```

Faili likishuka, una tundu. Andika amri hiyo mahali. Utaihitaji tena mwishoni.

2. Tafuta mstari unaoamua

Wangu ulikuwa huu:

```
njia = os.path.abspath(os.path.join(MZIZI, jina))
if not njia.startswith(MZIZI):
    return None
```

Usome polepole. MZIZI ni /srv/wateja. Ombi la kijana, baada ya kunyooshwa, likawa /srv/wateja-mitihani/hisabati.pdf. Je, maneno hayo yanaanza na "/srv/wateja"? Ndiyo, yanaanza. Programu ikaruhusu. Ililinganisha herufi kwa herufi bila kujua kwamba jina la folda huishia kwenye mkwaju (/). Angejaribu /etc/passwd angekataliwa, na ndiyo maana majaribio yangu ya mwanzo yote yalipita: nilijaribu folda za mbali, sikujaribu ya jirani yenye jina linalofanana.

Kuna kosa la pili humo. abspath hunyoosha maandishi tu. Haifuati viungo vinavyotengenezwa kwa ln -s, yaani majina yanayoelekeza kwenye faili au folda iliyo kwingine. Kiungo kimoja ndani ya /srv/wateja kinachoelekea kwingine kinatosha kumtoa mtu nje, huku njia ikionekana safi kabisa. Hata Samba, programu ya kushirikisha faili kwenye mtandao ambayo Andrew Tridgell aliianza mwaka 1992, ilipitia shida ya viungo: mwaka 2010 mpangilio wake wa wide links ulibadilishwa ili viungo vya kutoka nje ya folda iliyoshirikiwa visifuatwe mpaka msimamizi aruhusu.

3. Andika upya ukaguzi

```
MZIZI = os.path.realpath('/srv/wateja')

def tafuta(ombi):
    jina = unquote(ombi.split('?', 1)[0]).lstrip('/')
    try:
        njia = os.path.realpath(os.path.join(MZIZI, jina))
        ndani = os.path.commonpath([MZIZI, njia]) == MZIZI
    except ValueError:
        return None
    return njia if ndani else None
```

Mpangilio una maana yake. Fumbua alama kama %2e (nukta iliyofichwa kwenye anwani) kwanza, tena mara moja tu. Ukifumbua mara mbili, %252e itageuka nukta baada ya wewe kuwa umeshakagua. Kisha fuata viungo kwa realpath, ndipo ulinganishe. commonpath hulinganisha folda kwa folda, hivyo wateja na wateja-mitihani ni vitu viwili tofauti kwake.

Usiondoe lstrip. Kwenye Python, os.path.join ikikutana na jina linaloanza na mkwaju hutupa kila kilichotangulia, na MZIZI wako unapotea kimyakimya.

MZIZI nao upitishe kwenye realpath. Mimi mara ya kwanza niliusahau. /srv yetu ni kiungo cha kwenda diski ya pembeni, basi kila ombi likakataliwa, na foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni.

Mwisho, fungua njia ile ile iliyorudishwa na tafuta. Ukirudi kulifungua jina alilotuma mteja, ukaguzi wote umekuwa bure.

4. Jibu 404 kwa kila kilichokataliwa

Ukijibu 403 (hairuhusiwi) kwa vingine na 404 (haipo) kwa vingine, unamwambia mtu kipi kipo.

5. Weka ukuta wa pili

Msimbo unaweza kukosewa tena. Programu iendeshwe na akaunti yake yenyewe isiyo na ruhusa kwenye mitihani, na folda ya mitihani iwe ya akaunti nyingine:

```
sudo chmod 700 /srv/wateja-mitihani
```

Hili lingetuokoa hata kosa likiwepo. Ningeambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii.

Seva yetu inasoma tu. Yako ikiwaruhusu wateja kuandika, mtu anaweza kubadilisha kiungo katikati ya ukaguzi na ufunguaji. Hapo tumia openat2, njia ya Linux ya kufungua faili, pamoja na RESOLVE_BENEATH, iliyokuja na Linux 5.6 mwaka 2020. Kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe ndiyo inayokataa kutoka nje.

6. Jaribu tena, kisha soma kumbukumbu za seva

Rudia amri ya hatua ya 1. Jaribu pia %2e%2e%2f, mkwaju mara mbili mwanzoni, na kiungo ulichotega makusudi. Halafu angalia nani alishapita:

```
grep -iE '\.\.|%2e' seva.log
```

Kwetu yalitoka maombi manne, yote ya laptopu ya kijana yule, yote ya jioni ile. Hata hivyo nilimpigia mwalimu mwenye mtihani nikamweleza kila kitu, kwa sababu kumbukumbu zetu hufutwa kila baada ya siku 30. Kesho yake asubuhi alikuja, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, akautunga mtihani upya.