Windows na Linux kwenye laptopu moja iliyotumika

Kazi kubwa ya kuweka Linux (mfumo endeshi mwingine, kama Windows ilivyo) kando ya Windows hufanyika ndani ya Windows kwenyewe, kabla hujachomeka flashi. Tafadhali usiruke hatua mbili za kwanza; hizo ndizo zinazookoa faili za watu.

Hatua ya 1: Ikague mashine

Iwashe huku ukibonyeza F2, F10, Esc au Del, kutegemea kampuni, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikudai nenosiri, mrudie aliyekuuzia alitoe. Kisha fungua Windows na upime afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Likitokea neno "Caution" au "Bad", badilisha diski kwanza, maana kuigawa diski inayokufa ni kuiharakishia kifo.

Bonyeza Windows + R, andika `msinfo32`, usome mstari wa "BIOS Mode". Utakuta UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) au Legacy (njia ya zamani). Ikumbuke, kwa sababu Linux lazima isakinishwe kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 2: Iandae Windows

Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Halafu angalia BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski. Kwenye laptopu ya mkono wa pili, ufunguo wake wa dharura unaweza kuwa umebaki kwenye akaunti ya mmiliki wa zamani, na siku Windows itakapouuliza utakuwa umefungiwa nje ya data yako. Izime, usubiri mpaka imalize kuifungua diski nzima.

Zima na Fast Startup, njia ya Windows ya kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa; inasinzia huku bado imeishikilia diski, na Linux ikiandika humo faili zinaweza kuharibika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

`powercfg /h off`

Hatua ya 3: Kata nafasi

Windows + R tena, `diskmgmt.msc`. Bofya C: kwa kitufe cha kulia, chagua "Shrink Volume", uandike 51200, yaani GB 50. Kipande kitakachopatikana kiache kilivyo, kimeandikwa "Unallocated". Usikipe herufi ya diski kama D:.

Hatua ya 4: Flashi

Flashi ya GB 8 inatosha, vilivyomo vitafutwa. Pakua ISO (faili la kusakinishia) ya Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, uiandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kwenye mpangilio wa diski chagua GPT kama mashine ni UEFI, MBR kama ni Legacy.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha sakinisha

Washa kutoka kwenye flashi, kwa kuichagua kwenye orodha ya kuwaka ya BIOS. Mint itafunguka bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu Wi-Fi, sauti na kamera hapohapo. Ukiridhika, anza kusakinisha na uchague "Install Linux Mint alongside". Ile ya "Erase disk" inafuta Windows yote, usiiguse. Diski isipoonekana kabisa, mara nyingi BIOS imeiweka kwenye RAID badala ya AHCI (namna mbili za mashine kuwasiliana na diski). Usibadilishe ghafla: ipange Windows iwake kwanza kwa Safe Mode (hali inayofungua vitu vya msingi tu), la sivyo itagoma kuwaka.

Baada ya hapo

Ukiwasha utakutana na menyu ya GRUB, inayokuuliza uingie Linux au Windows. Ikiingia Windows moja kwa moja, rudi BIOS uipandishe Linux juu kwenye orodha ya kuwaka.

Saa ya Windows ikianza kupotea kila utokapo Linux, hiyo si betri. Kwenye saa ya ndani ya mashine, Windows huhifadhi saa ya mahali ulipo, Linux huhifadhi UTC (saa ya kimataifa). Kwenye Linux fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), uandike hii ili Linux nayo itumie saa ya mahali ulipo:

`timedatectl set-local-rtc 1`