Besi ya Vitz iko kwenye boksi, si kwenye ukubwa wa spika

Ukitaka kutengeneza sabufa (spika ya besi ndani ya boksi lake) ya gari dogo kama Vitz au Passo, spika ya inchi 10 inatosha kabisa. Kinachoharibu mziki ni boksi linalovuja. Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, maana mbao nyembamba hutetemeka na kula besi. Chukua vipimo vya ndani, si vya nje: sentimita 40 kwa 35 kwa 20 ni lita 28, na ukitoa nafasi inayokaliwa na spika yenyewe bado unabaki pazuri kwa boksi lililozibwa pande zote. Paka gundi ya mbao kwenye kila kiungo, kaza skrubu, kisha pitisha silikoni kwenye kona zote za ndani. Iache ikauke siku nzima kabla ya kufunga spika, tafadhali usiharakishe hapo.

Waya wa umeme wa amplifaya (kifaa cha kukuza sauti) utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa bodi gari linaweza kuwaka moto. Waya wa sauti kutoka redioni upitishe upande wa pili wa gari, usije ukasikia mvumo wa injini. Kwenye amplifaya, kata sauti za juu kuanzia hezi 80 (kipimo cha masafa ya sauti), sabufa ibaki na besi tu.