Kibali cha kuingia Serengeti kwa wanaotua Seronera

Anayetoka Arusha kwa gari hukutana na geti la Naabi, hushuka, hukamilisha malipo, ndipo huingia. Wewe wa ndege huna geti la kukusimamisha. Uwanja wa ndege wa Seronera uko katikati ya hifadhi, kwa hiyo tairi zikigusa ardhi tayari uko ndani na unadaiwa kiingilio. Kishughulikie ungali nyumbani.

Anza na tiketi ya ndege, si kibali. Kibali cha TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, ni cha saa 24, hakihesabiwi kwa siku za kalenda, na hapa ndipo wengi hulipa mara mbili bila sababu. Ukitua Ijumaa saa 4 asubuhi na ndege ya kurudi ikawa Jumamosi saa 6 mchana, umeshapitiliza na utadaiwa tena. Bora ndege ya kurudi ya saa 3, hata kama itakukatisha kifungua kinywa. Panga saa kwanza, pesa baadaye.

Kisha kusanya vitambulisho: NIDA au pasipoti kwa wakubwa, vyeti vya kuzaliwa kwa watoto, maana bei hufuata umri na uraia. Mtanzania wa miaka 16 na kuendelea ni shilingi 10,000, mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000, wa chini ya hapo bure. Juu yake kuna VAT, kwa hiyo andaa zaidi kidogo ya hapo. Shemeji wa kigeni ana kiwango chake cha dola. Usimchomeke kwenye orodha ya Watanzania.

Omba kupitia TANAPA wenyewe, au kampuni ya utalii, au lodge utakayofikia. Wape majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, uraia, umri, tarehe na saa za ndege, na mahali pa kulala. Kulala ndani ya hifadhi kuna tozo yake kila usiku, na gari nalo hulipiwa. Uliza kama bei uliyotajiwa imeshajumlisha hayo.

Utapewa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Lipa benki au kwa simu. Vodacom ni *150*00#, kisha tafuta malipo ya serikali. Hakiki jina la mpokeaji na kiasi. Akikuambia mtu utume kwenye namba yake binafsi "ili akusaidie", achana naye. Risiti ipige picha uihifadhi kwenye simu, usitegemee mtandao wa porini.

Thibitisha pia gari la kukupokea. Seronera hakuna teksi wala bodaboda, na kutembea kwa miguu kiholela ni marufuku, wenye nyumba ni simba. Mzigo kampuni nyingi huruhusu kilo 15, tena kwenye begi laini. Mifuko ya plastiki iache, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Ukishatua, mpe ofisa wa TANAPA risiti na vitambulisho. Kabla hujaondoka mezani soma saa ya kuingia iliyoandikwa kwenye kibali. Kama imekosewa, irekebishwe hapo hapo, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kuhesabu saa zako 24.