Oili Chafu Haiokoi Banda la Mianzi

Kuanzia Chanika mpaka Kigamboni naona jambo lilelile: mfugaji anakata mianzi, anaipaka oili chafu, anachimbia nguzo, anapandisha banda la kuku. Baada ya muda unga mweupe unamwagika chini kila asubuhi, na masika yakiingia nguzo zinakatikia usawa wa ardhi. Anajenga upya, na kwa oili ileile!

Ganda la mwanzi lina nta, oili inabaki juu. Bungua, wadudu watoboaji wanaotoa unga ule, hawana haja na ganda hilo. Wanaingilia pale ulipokata na upande wa ndani, wakifuata wanga, na mianzi yetu minene ya Pwani ina wanga tele.

Dawa yake ni boraksi na asidi ya boriki, poda mbili zenye boroni. Kwa lita 100 za maji weka boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2. Pima kwa mizani, tafadhali, si kwa kopo la kukadiria.

Kata mianzi ya miaka 3 hadi 5, kati ya Juni na Agosti, uiloweke siku hiyohiyo au kesho yake, maana ikishakauka dawa haipenyi vizuri. Kwanza pitisha nondo ya milimita 12 ndani, utoboe kila fundo toka mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo vibarua wanapodanganya, basi simama nao. Laza mianzi kwenye shimo lililotandikwa nailoni nzito, ikandamize kwa mawe izame yote. Mwanzi mzima siku 10, uliopasuliwa siku 5. Nimesema 10, si Jumatatu mpaka Alhamisi. Kisha isimamishe kivulini wiki 4 au zaidi.

Maji yaliyobaki usiyamwage kwenye matuta ya mchicha wala karibu na kisima. Boroni ikizidi huunguza mimea.

Hata mwanzi uliotibiwa hauchimbiwi, kwani unyevu huiondoa dawa hiyo. Usimamishe juu ya kiguzo cha zege chenye kimo cha sentimita 50, upenu utokeze mita 1. Msumari hupasua, toboa kwa keekee, funga kwa bolti.

Dawa ikishika, hutaona unga.

Mwenye banda lililokwisha kuchimbiwa aliegemeze kwa miti, akate sehemu iliyooza na kumwaga viguzo vya zege kabla ya vuli. Bungua waliomo hawatakufa, ila atapata muda wa kuandaa mianzi mingine.