Kabla ya kusafisha simu, safisha laini

Mtu akiniletea simu iliyoingiliwa, swali langu la kwanza ni hili: una laini ngapi, na ziko wapi? Hapa Tanzania namba ya simu imeshika pesa, WhatsApp na barua pepe kwa pamoja. Kwa hiyo tunaanzia hapo. Tenga saa moja, uwe na namba yako ya NIDA na daftari.

1. Piga \*106#. Fuata menyu mpaka uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, uziandike zote. Usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute. Mama mmoja alikuta namba tatu asizozijua. Tulipokaa kukumbuka, alisema wakala wa barabarani alimwambia kidole kimekataa, aweke tena, na tena. Ukiambiwa hivyo, omba uoneshwe kioo cha mashine kabla ya kuweka kidole mara ya pili.

2. Ifunge laini kwa namba ya siri. Watu wengi wanafunga simu tu. Mwizi hahitaji kuifungua: anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, kisha ujumbe wenye namba za kuthibitisha unaingia kwake. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, utafute kufunga laini. Namba ya siri ya mwanzo mara nyingi huandikwa kwenye kadi iliyokuja na laini. Kama huna, waulize mtandao wako. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu utadaiwa PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa.

3. WhatsApp. Fungua vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili: tarakimu sita za kwako mwenyewe, pamoja na barua pepe.

4. Akaunti ya Google. Hapa usiharakishe. Angalia namba ya kurejesha akaunti ni ipi. Nimeona nyingi ambazo bado zina laini iliyopotea miaka mingi iliyopita, na laini isiyotumika muda mrefu mtandao humpa mteja mwingine. Mgeni huyo akiomba kurejesha akaunti, ujumbe unakwenda kwake. Weka namba unayotumia leo, halafu toa simu zako za zamani kwenye orodha ya vifaa, hasa ile uliyoiuza.

5. Ruhusa za programu. Tochi haina kazi na majina ya ndugu zako. Fungua ruhusa ya anwani za simu, uone ni programu zipi zimepewa, uzinyime zisizohusika. Zaidi ya zote angalia programu za mikopo. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na tovuti 69 zinazokopesha bila leseni. Baadhi ya programu za namna hiyo huchukua majina yote kwenye simu, na ukichelewa kulipa wanamwandikia shemeji na bosi wako. Ukiifuta leo, majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi, kwa hiyo waambie ndugu mapema wasijibu wala kutuma chochote.

Na zile SMS za "ile pesa tuma kwenye namba hii", zipeleke 15040 kabla hujazifuta. Huduma hiyo ni bure, na namba ya tapeli hufungiwa.